Aliyemchora Hayasaburo

Nagisa alipoleta lile jarida la michezo ya video jikoni, mama yake alikuwa akimenya figili. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Februari. Vitanda vya kufumia vilivyokuwa nyuma ya nyumba vilikuwa kimya, kwa kuwa baba alikuwa amepeleka mishipi ya kimono kwa mteja. Nagisa alilifungua jarida kwenye ukurasa wenye picha kubwa, akaliweka juu ya meza.

"Mama, usikasirike kabla hujamaliza kusoma."

Kadono Sumie alikasirika kabla hajamaliza kusoma.

Katika picha alikuwa Kijima Masanobu, msimamizi wake wa zamani, sasa mzee wa miaka sabini na nne mwenye skafu ya kifahari shingoni. Alikuwa amekunja mikono mbele ya picha ya ninja aliyevaa nguo za nili na mshipi mwekundu, mwili wake wote ukiwa umejengwa kwa vijumba vya mraba. Huyo ninja ni Hayasaburo. Mwaka 1988 hapakuwa na mtoto wa Kyoto asiyemjua: alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia bila kuchoka, akiruka mapaa na kurusha nyota za chuma. Jarida lilisema kwamba mwezi wa Aprili angerudi madukani kwa mitambo ya kisasa, na kwamba kwa mara ya kwanza majina halisi ya waliomtengeneza yangeandikwa.

"Watu huniuliza kila siku," Kijima alimwambia mwandishi, "kwa nini Hayasaburo hukimbia mkono wa kulia na mguu wa kulia vikienda mbele pamoja. Wanadhani ni bahati mbaya. Mimi nilipanda milima ya Iga, walikotoka ninja, nikasoma hati za kale. Hivyo ndivyo mashujaa wale walivyokimbia. Nilimchora mwenyewe, kijumba kwa kijumba. Katika orodha ya zamani, ile ya majina ya utani, nilijiita Shibazuke."

Sumie aliweka kisu chini.

"Shibazuke? Huyu? Huyu mzee alikuwa akifungua dirisha nikila shibazuke! Mwezi wa Januari! Theluji inaingia mpaka mezani, yeye anapunga daftari mbele ya pua, eti 'Kadono, funika achari yako, tutakufa humu.' Leo yeye ndiye Shibazuke?"

"Kwa hiyo ni kweli ni wewe, Mama? Uliponiambia zamani nilidhani unanitania."

"Nikutanie ili nipate nini?"

Alichukua kisu, akaiangalia ile figili kana kwamba imevaa skafu, akaikata vipande ambavyo havikufaa kwa supu yoyote.

Ili kuielewa hasira ile, ni lazima kujua Sumie alitoka wapi. Alizaliwa mwaka 1966 katika mtaa wa Nishijin, ndani ya nyumba hiyo hiyo ndefu na nyembamba, kati ya kelele za vitanda vya kufumia. Baba yake alifuma mishipi ya hariri. Kabla uzi haujaguswa, ua au korongo wa kwenye mshipi huchorwa kwanza kwenye karatasi ya vijumba, kila kijumba kikiwa ni mahali uzi utakapopita. Sumie alianza kuchora michoro hiyo akiwa na miaka kumi na minne. Alipofikisha ishirini, aliweza kuchora jicho la korongo kwa vijumba vitatu tu, na korongo akaonekana ana huzuni.

Lakini wanawake wa mjini walikuwa wameanza kuacha kununua mishipi. Mwaka 1987 Sumie aliona tangazo gazetini: kampuni ya michezo ya video ilitafuta mtu anayejua kuchora kwenye karatasi ya vijumba. Aliomba kazi, akapata. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Ndani mlikuwa na wanaume kumi na mmoja, na wote walipomwona siku ya kwanza walidhani ameletwa kupika chai. Aliipika. Kisha akaketi, akamchora Hayasaburo.

Hayasaburo alikuwa na upana wa vijumba kumi na sita na urefu wa thelathini na viwili, na rangi tatu basi. Ili mtambo uweze kumbeba, ilibidi akatwe kiunoni: miguu kwenye karatasi moja, kiwiliwili kwenye nyingine. Mbio zake zilikuwa picha tatu tu, zikizunguka. Sumie alichora miguu kwanza, akazipa zile picha tatu namba kuanzia juu ya karatasi kwenda chini, kama alivyoelekezwa. Wiki iliyofuata alichora kiwiliwili. Siku zile baba yake alikuwa mgonjwa, naye kila asubuhi alikuwa akifuma kabla ya kwenda ofisini. Mkono ukafuata ulichozoea: akazipa picha namba kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu kitambaa hukua kutoka chini, na kila mchoro wa Nishijin husomwa hivyo. Mtu wa mtaa mwingine asingeweza kukosea namna ile. Picha ya kwanza ikawa ya tatu, ya tatu ikawa ya kwanza, na Hayasaburo akaanza kukimbia mkono wa kulia na mguu wa kulia pamoja.

Kosa liligunduliwa siku ambayo kazi yote ilikuwa imeshapelekwa kiwandani kutiwa kwenye kaseti. Kijima alimsimamisha Sumie katikati ya ofisi.

"Kadono, simama. Tembea mpaka mlangoni."

Sumie alitembea.

"Jamani, mmeona mikono yake? Mmeona miguu yake? Anajua kutembea! Kumbe anajua! Mtoto wa chekechea anajua! Sasa niambie, huyu Hayasaburo wako ni ninja au ni kaa?"

Wanaume walicheka. Wengine walicheka kwa sababu Kijima alikuwa akiwaangalia kuona nani hacheki, lakini walicheka. Sumie alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kaseti ziliuzwa hivyo hivyo. Wachezaji waliupenda ule mwendo. Watoto waliuiga barabarani wakienda shule. Mwishoni mwa mchezo palikuwa na orodha ya waliofanya kazi, lakini kampuni za wakati ule zilikataza majina halisi, kwa hofu kwamba kampuni nyingine zingewanyakua wafanyakazi hodari. Kila mmoja alijichagulia jina la utani. Sumie alichagua achari ya bilinganya aliyokuwa akila kila mchana. Baada ya miaka miwili aliacha kazi, akarudi kwenye vitanda vya kufumia vya baba yake. Akaolewa na Kunihiko, mfumaji kijana aliyekubali kuchukua jina la Kadono ili nyumba isikose mrithi. Hakudai chochote. Hata Kijima alipopandishwa cheo kwa sababu ya Hayasaburo, Sumie alisema, "Na ale," akaendelea kufuma.

Kilichomwasha sasa ni zile hati za Iga. Jina angeweza kusamehe, pengine. Lakini kosa lile alilodhalilishwa kwalo mbele ya wanaume kumi na mmoja, leo lilikuwa limegeuka kuwa hekima, na hekima hiyo ilikuwa na skafu.

Jumatatu alipiga simu kwenye kampuni. Msichana mwenye sauti tamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, tunakushukuru kutoka moyoni kwa mapenzi yako kwa Hayasaburo."

"Sina mapenzi naye. Nilimchora."

"Ndiyo, Mama. Wapenzi wetu wengi humchora. Kuna shindano la michoro mwezi wa Mei."

Kunihiko, aliyekuwa akila wali wake, alimwona mkewe akiishika simu kama mtu anayetaka kuikamua maji.

"Binti," alisema Sumie polepole, "niitie mtu ambaye alikuwa amezaliwa mwaka 1988."

Alipewa kijana aitwaye Asahina, msimamizi wa toleo jipya. Hakuwa amezaliwa mwaka huo, lakini alikuwa na adabu. Alieleza kwamba orodha ya majina ingefungwa mwisho wa Februari. Baada ya hapo isingeguswa tena. Kijima alikuwa mshauri wa kampuni, na neno lake lilikuwa limekwisha kupokelewa. Kama Mama Kadono ana ushahidi wa maandishi, aulete.

"Ushahidi gani?" Kunihiko aliuliza. "Karatasi za michoro ulizirudisha kwao."

"Najua."

"Na hao wenzako?"

"Wawili wamefariki. Wengine bado wanacheka anapocheka."

"Basi, Mama wee, tuache. Sisi tuna mishipi ya kumaliza kabla ya sherehe za masika."

Sumie alimgeukia. Wanaomfahamu wanasema jambo la kutisha kwake si kelele. Ni pale anapoanza kutumia lugha ya heshima. "Baba," alisema, "tafadhali naomba umalize mishipi hiyo peke yako. Mimi nitakuwa na shughuli."

Kwa siku nne alipekua droo za ghala la michoro, moja baada ya nyingine, miaka sitini ya makorongo na mawimbi na maua ya krisanthemo. Siku ya nne, katikati ya michoro ya mwaka 1988, aliikuta barua yake mwenyewe. Alikuwa ameisahau kabisa. Aliisoma akiwa amepiga magoti sakafuni, kisha akacheka kicheko kimoja kikavu kilichomfanya Nagisa aje mbio kutoka jikoni.

Mkutano ulifanyika tarehe ishirini na sita, katika jengo jipya la vioo karibu na stesheni. Kijima alikuwepo. Alinyanyuka kwa furaha, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi wa zamani.

"Oo, Kadono! Hujazeeka hata kidogo! Bado unakula ile achari yako ya kuulia wadudu?"

"Nasikia siku hizi unaila wewe, Mkuu."

Asahina alimimina chai haraka haraka.

"Tusifike huko," Kijima alisema akitabasamu. "Siku zile tulifanya kazi kama familia. Nani atakumbuka leo mkono wa nani uligusa nini?"

"Mimi nakumbuka."

"Kumbukumbu za miaka thelathini na sita, Kadono!"

"Ndiyo maana sikuja na kumbukumbu." Alitoa barua kwenye kitambaa alichokuwa ameifungia, akaiweka mezani kwa mikono miwili mbele ya Asahina. "Tafadhali isome kwa sauti. Mzee wako hana miwani."

Ilikuwa barua ya kukiri kosa. Ofisi zetu za Kyoto zinazijua sana barua hizo: mfanyakazi akikosea huandika kwa mkono wake amekosa nini, anaomba radhi, anapiga muhuri wa jina, anampelekea mkubwa wake. Asahina alisoma: "Mimi, Kadono Sumie, wa kitengo cha michoro, katika kuchora mbio za Hayasaburo nilikosea kupanga namba za picha za kiwiliwili, nikazianza kutoka chini…"

Alisita. "Hapa pana maneno ya wino mwekundu. Yameandikwa pembeni."

"Yasome."

"'Irudiwe. Muhuri umepinda. Tena ongeza: nilimchora Hayasaburo peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho, msimamizi hakuhusika kwa lolote.'" Asahina aliinamia karatasi. "Halafu kuna muhuri. Wa Kijima."

Mtu mmoja nje ya mlango alikuwa akiuliza mashine ya kuchapia imehamishiwa wapi.

"Ulinifanya niiandike mara mbili kwa sababu muhuri ulipinda," Sumie alisema. "Ya pili uliipeleka juu ili wasikukate mshahara wewe. Ya kwanza ulinitupia mezani. Nilikaa chooni nikalia, nikaitia kwenye mkoba. Kosa lilipokuwa kosa, lilikuwa langu peke yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Lilipokuwa zuri, ukapanda milima ya Iga. Ulipanda lini, Mkuu? Wewe ngazi za ghorofa ya tatu zilikuwa zinakushinda!"

Kijima aliinamisha kichwa, lakini kiasi cha mtu anayetafuta kitu kilichodondoka chini ya meza. "Nilikuwa nakulinda," alisema.

"Dhidi ya nani?"

Asahina alijaribu kusaidia. Alisema kampuni ingefurahi sana kuliweka jina la Mama Kadono chini ya kichwa cha Shukrani Maalumu.

"Hapo huandikwa nani?"

"Wengi. Familia za wafanyakazi. Mgahawa uliotuletea chakula…"

"Sikuleta chakula. Nataka mstari mmoja: Michoro ya Hayasaburo, Kadono Sumie. Na hati za Iga zitoke."

"Kadono, sikiliza." Kijima sasa alizungumza kwa sauti ya chini, karibu ya upole. "Chukua mstari wako, sawa, sitabisha. Lakini acha hati za Iga zibaki, uwe ni wewe uliyezisoma. Vijitabu vimeshachapwa. Wachezaji wanaipenda hadithi hiyo. Utaonekana msomi. Kweli unataka dunia nzima ijue kwamba mwendo wa Hayasaburo ni kosa la binti aliyechanganya juu na chini?"

Nagisa, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, anasema hapo ndipo aliposhika kiti kwa mikono miwili, akidhani mama yake atarusha kikombe. Sumie hakurusha kitu. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kosa ni langu," alisema. "Nililisimamia mbele ya watu kumi na mmoja wakicheka. Nililiandikia barua mara mbili. Nikalilia chooni. Hakuna kitu chochote katika mchezo ule ambacho ni changu zaidi ya kosa lile. Bwana Asahina, andika kwamba ni kosa. Andika lilitoka kwa mfumaji wa Nishijin anayeanza chini kwenda juu. Ukiandika Iga, barua hii naipeleka kwenye lile jarida, ukurasa ule ule, na wino wake mwekundu."

Asahina aliomba ruhusa, akatoka na nakala ya barua. Watatu hao walimsubiri nusu saa. Kijima alimaliza chai yake. Aliporudi, Asahina aliinama mpaka wakauona utosi wake, akasema orodha imerekebishwa, na katika kila kijitabu itabandikwa karatasi ndogo ya masahihisho.

"Hizo karatasi atazibandika nani?" Sumie aliuliza.

"Wafanyakazi wetu, Mama."

"Mpeni na mshauri wenu mafungu kadhaa. Na muhuri usipinde."

Sanduku la mchezo mpya lilifika Nishijin mwezi wa Aprili. Karatasi ya masahihisho ilikuwepo, imebandikwa sawasawa. Nagisa aliunganisha mtambo na televisheni ya sebuleni, na Sumie akaketi mbele yake, akiwa bado na aproni ya kufumia.

"Haya, niletee hiyo orodha niione."

"Inatokea mwisho, Mama. Lazima ushinde kwanza."

"Nishinde nini?"

"Mchezo. Hatua zote sita. Ukiliua lile jitu la mwisho, majina yanapanda."

Sumie aliiangalia skrini kwa muda. "Kwa hiyo baada ya yote yale wameniweka nyuma ya jitu?"

"Wote wako nyuma ya jitu. Ngoja nikuchezee, nitafika kesho. Au tuangalie kwenye simu, kuna watu wamesharekodi."

"Hunichezei. Nipe hicho kidude."

Alikuwa hajawahi kucheza. Alikuwa amemchora yule mtu akiwa hana mwendo kwenye karatasi, picha tatu. Sasa alibonyeza, na Hayasaburo akakimbia, mkono wa kulia na mguu wa kulia, akatumbukia shimoni. Akafufuka. Akatumbukia tena. Katika hatua ya pili mwewe walianza kuja kutoka kulia, wakimpiga kifuani kila aliporuka, na kila walipompiga alirudi nyuma hatua mbili na kuanguka kutoka paani.

"Ushenzi gani huu!" Sumie alipiga kelele. "Mwewe gani huruka hivi? Nani aliwachora hawa?"

Kunihiko alichungulia kutoka kwenye kitanda chake cha kufumia. "Nani?"

"Mimi!" alisema Sumie kwa ghadhabu. "Lakini kasi hii sikuwapa mimi!"

Alicheza kila siku kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili, baada ya kufuma. Alimtukana Kijima kwa kila shimo. Majirani walizoea; mama wa duka la tofu aliuliza kwa adabu kama pale nyumbani kuna mgonjwa. Wiki ya pili alifika kwa jitu, na jitu likamrudisha nyuma hatua tatu nzima, naye akatoka uani akafua mapazia yote ya nyumba kwa mkono. Wiki ya nne, Jumapili asubuhi, jitu lilipasuka.

"Baba! Simu! Piga picha, haraka, yanapanda!"

Kunihiko alikuja mbio na nyuzi za hariri zimemning'inia mkononi. Majina yalipanda meupe juu ya weusi. Msimamizi, Kijima Masanobu. Muziki, watu wawili. Halafu: Michoro ya Hayasaburo, Kadono Sumie. Mstari wake mwenyewe. Sumie aliusoma kwa sauti, jina lake lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kabla hajavuta pumzi likapita juu likatoweka. Skrini ikarudi mwanzo.

"Umelipata?"

Kunihiko aliiangalia simu. Aliigeuza. Akaiangalia tena.

"Baba. Nionyeshe."

Alimwonyesha. Kamera ilikuwa imemgeukia yeye. Ilikuwa picha safi kabisa, ya pua yake.

Sumie alivuta mto, akaketi vizuri zaidi, akashika kidude kwa mikono miwili na kubonyeza kitufe cha kuanza. Hayasaburo akaondoka mbio kuelekea kulia.

"Naomba radhi," alisema Kunihiko, ambaye bado alikuwa amesimama mbele ya televisheni.

"Utaniandikia barua," alisema Sumie. "Sogea. Unanizibia mwewe."